Duka Lililojifunza Kusema Hakuna

Mwanangu Aika,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya uongozi mzima wa duka la Vifungo vya Mangi, uongozi ambao kuanzia kesho asubuhi utakuwa mimi na kile kiti chenye mguu mbovu, napenda kuutangazia ukoo, majirani na wapenda maendeleo wote kwamba leo alasiri baba yako mzazi amepiga picha ya vifungo, ameiposti kwenye ukurasa wa duka kwa kidole chake mwenyewe, ameulizwa swali na mteja, amelijibu, na mteja ameridhika. Hakuna aliyejeruhiwa. Dole gumba limeonekana kwenye picha, lakini kidogo tu, pembeni, kama mgeni aliyekosa kiti harusini.

Taarifa hii nilikupa kwa mdomo uliporudi kutoka Kigamboni kumuaga shangazi yako. Ukanikumbatia, ukasema, "Baba, umeweza!" Nikazipokea pongezi zote, sikubakiza. Mwishoni mwa barua nitakueleza mambo yalivyokuwa hasa, maana taarifa za uongozi, kama unavyojua, huwa zinapigwa pasi kidogo kabla ya kutoka nje.

Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa, wala ile ya usikubali biskuti ya mtu usiyemjua ndani ya basi. Hayo ni ya mama yako, na ninavyomfahamu, sasa hivi yuko nyumbani analifungua begi lako ili alifunge upya. Mimi nimebaki dukani. Nimewaambia nina hesabu za kumalizia. Hesabu hakuna. Nimeshusha mlango nusu, nje wasukuma mikokoteni wanamalizia ugomvi wao wa kila siku, na mimi nakuandikia kwa kalamu, kwa sababu kwenye simu najua utaona nimeandika, nimefuta, nimeandika tena.

Ninachotaka kusema kimetokana na neno ulilolisema Jumapili tukitoka kanisani. Ulisema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Baba, naona niwaambie akina mama wa Iringa wanisubiri mwezi mmoja. Mpaka uuzoee ukurasa." Mama yako akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Akina mama wale wanasuka vikapu ambavyo sijawahi kuona mfano wake, na hakuna anayewajua nje ya kata yao. Wamekuita wewe ukawajengee jina mtandaoni kama ulivyotujengea sisi. Wamekutafutia chumba, wamekuwekea hadi ndoo ya kuogea. Nchi nzima inatoka mkoani kuja Bongo kutafuta maisha; wewe, uliyejifunza kutambaa kati ya maboksi ya zipu hapa Kariakoo, unapanda basi kwenda mkoani. Bi Zuhura wa kanga, hapo mbele, aliposikia aliniita pembeni akaninong'oneza: "Mangi, mmegombana?"

Hatukugombana, angalau si mwaka huu.

Acha nianzie mbali. Mjomba wangu, aliyenitoa Machame nikiwa kijana mwenye shingo ndefu na suruali fupi, alinipa amri mbili siku ya kwanza niliposimama kwenye kaunta yake. Ya kwanza: "Usimtajie mtu bei kabla hujaona viatu vyake." Nikawa msomaji wa viatu. Viatu vyenye vumbi jekundu: huyu katoka mkoani, anarudi leo, hana muda wa kuzunguka. Kandambili iliyolika upande mmoja: huyu fundi cherehani, anakanyaga pedeli, bei anaijua kuliko mimi. Kiatu kinachong'aa mchana: huyu katoka ofisini Posta, katumwa na mkewe, atalipa na asante juu. Wewe unacheka, lakini viatu hivyo ndivyo vilivyokusomesha.

Amri ya pili ilikuwa fupi: "Kariakoo hakuna neno hakuna." Mteja akiuliza kitu chochote chini ya jua, jibu ni ipo. Ukishasema ipo unamvutia kigoda, unampa maji ya kunywa, halafu unatoka kwa mlango wa nyuma mbio, unakitafuta kwa jirani. Unarudi unahema, unasema, "Ilikuwa stoo ya juu." Duka letu halijawahi kuwa na stoo ya juu. Juu yetu anaishi mwalimu mstaafu na paka wake.

Na nikuambie ukweli, mwanangu, nilikuwa hodari. Mtaa mzima ulinijua kwa mbio zile. Niliamini mteja akisikia hakuna ataondoka, na akiondoka harudi. Nimeishi na hofu hiyo muda mrefu hadi nikaidhani ni akili.

Halafu ikaja ile masika ambayo Jangwani ilijaa maji, barabara ikafungwa, na wateja wetu wa Magomeni wakawa ng'ambo kana kwamba tuko nchi mbili. Ulikuwa umemaliza chuo, unasubiri kazi, umekaa juu ya boksi la nyuzi unapiga miayo. Siku kadhaa zikapita bila mteja. Ukachukua simu, ukasema:

"Baba, kama wao hawawezi kuja, sisi twende."

"Twende kwa mtumbwi?"

"Twende kwenye simu zao. Duka linaitwaje?"

"Kwa Mangi."

"Mtaa huu kuna akina Mangi wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha. Ndipo ulipolibatiza duka Vifungo vya Mangi, na mimi nikakasirika kidogo kwa sababu tunauza pia zipu, lesi na lastiki, na nilitaka vyote viingie kwenye jina. Uliniambia jina si daftari la stoo. Sikukuelewa, ila nilinyamaza, jambo ambalo mama yako aliliandika moyoni kama muujiza.

Nilikutazama ukifanya kazi. Mimi ningepiga picha ya vifungo vikiwa ndani ya pakiti, vimepangwa kama wafungwa. Wewe ulikishona kifungo kwenye shati kwanza, ukamvalisha shati Sharubu, yule winga wetu anayezunguka na wateja kutoka duka hadi duka, ukamsimamisha kwenye jua la asubuhi. Sharubu hakuwahi kuonekana msafi vile tangu ubatizo. Ukatengeneza video ya kuonyesha jinsi ya kubadilisha zipu ya suruali kwa sindano ya mkono. Nikakuuliza, "Sasa tukiwafundisha, watakuja kutuuliza nini?" Ukasema, "Watakuja kuuliza zipu, Baba." Wakaja. Mafundi wa Tanga, wa Kahama, wa visiwani, watu ambao nisingeona viatu vyao maisha yangu yote.

Na mimi nikasaidia. Nasema nikasaidia kwa maana ileile ambayo mvua iliisaidia Jangwani.

Uliandika bei kwenye picha, nikakuamuru uzifute. "Bei haitangazwi hadharani! Hujaona hata viatu vyao!" Ukanijibu kwa upole, "Baba, mtandaoni mteja hana viatu." Sentensi ile niliitafuna mchana kutwa. Nikashikilia tuandike kama wenzetu, bei njoo inboksi. Watu wakaja inboksi. Tatizo ni kwamba wewe ulikuwa umelala na homa, na mimi sikujua inboksi iko wapi. Wateja wakakaa humo wakipiga hodi mpaka ulipopona.

Kisha yule dada wa Tanga aliyeuliza lastiki. Nilibonyeza kile kipaza sauti nimjibu kwa heshima, nikasahau kukizima. Akapokea mabishano yangu na mama yako, yote, juu ya kitunguu kama kiliungua au kilikaangwa. Akajibu: "Lastiki nachukua. Ila kwa hili la kitunguu, mama yuko sahihi." Mama yako bado anamtumia salamu za Krismasi.

Hayo ni madogo, tunayacheka. Kubwa unalijua, lakini hujawahi kulisikia kutoka upande wangu.

Siku ile mlikwenda msibani Tegeta, simu ya duka ukaniachia. Fundi Sabina wa Songea akaandika. Alikuwa anashona magauni ya kwaya kwa ajili ya Pasaka, akahitaji lesi ya rangi ya damu ya mzee. Sikuwa nayo hata kipande. Kidole changu, bila kuniuliza mimi mwenye kidole, kikaandika: Ipo.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Hakukuwa na mteja wa kumvutia kigoda, lakini nilikimbia vilevile, mwili ulishazoea. Nikazunguka Mtaa wa Narung'ombe, nikakata Mtaa wa Sikukuu, nikaipata lesi kwenye duka lenye taa moja ya buluu. Chini ya taa ile ilikuwa damu ya mzee. Niliigeuza, nikaisogeza kwenye kona yenye giza zaidi, ikazidi kuwa damu ya mzee. Nikaipandisha basi. Nilirudi nikifuta jasho, nikijiambia mtandao huu mbona ni rahisi.

Songea jua halina taa ya buluu. Fundi Sabina akaishika lesi mbele ya gauni, akajirekodi, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mangi wa Kariakoo, hii ni damu ya mzee yupi? Mbona mzee huyu anaumwa?" Ilikuwa zambarau, mwanangu. Zambarau ya askofu.

Ile video ilitembea kuliko kitu chochote ulichowahi kuposti. Watu walicheka, na mimi ningecheka kama ingekuwa ya Mangi mwingine. Kilichonichoma ni komenti fupi zilizorudiwa na watu wengi: Kariakoo ndivyo walivyo. Nilikuwa nimewatia aibu hata wale walioamka asubuhi wakauza kwa haki.

Ulirudi kutoka msibani na kanga bado kiunoni. Nikaanza kutoa amri kama nahodha ambaye maji yameshafika magotini.

"Mfungie huyo asiuone ukurasa wetu!"

"Baba, lesi ilikuwepo?"

"Mwambie ni joto la kwenye buti la basi, limebadilisha rangi."

"Ilikuwepo au haikuwepo?"

"Ingekuwepo."

"Baba."

"Aika, Kariakoo nzima ni stoo yangu!"

Ulichukua kipande cha ile lesi, ukatoka, ukasimama katikati ya mtaa penye jua, mbele ya kanga za Bi Zuhura, ukaenda laivu. Mimi nilijificha nyuma ya robota la bitana, lakini nilisikia kila neno, na mtaa mzima ulisikia.

"Shikamooni wakubwa. Wadogo, mambo? Fundi Sabina yuko sahihi. Hii ni zambarau. Damu ya mzee hatukuwa nayo, tukasema tunayo. Nimeipata ya kweli duka la tatu kutoka hapa, kwa Mzee Hamisi, nimeilinganisha juani, hii hapa, iangalieni wenyewe. Inapanda basi leo. Fundi, kwaya yako isituombee mabaya."

Nikakununia. Unakumbuka nilivyokujibu kwa "mh" siku zile, mh ya asubuhi, mh ya chakula, mh ya usiku mwema. Niliona umenivua nguo hadharani, na nikamwambia hivyo Bi Zuhura nikitegemea anionee huruma. Alikuwa anakunja kanga, hakuinua hata kichwa.

"Ni kweli kakuvua, Mangi."

"Unaona sasa?"

"Naona. Na watu wamejaa kukuangalia. Mimi ninayevaa kanga mpya kila siku hawanioni."

Kesho yake, bila kuniomba ruhusa, kwa sababu ulijua jibu lingekuwa mh, ulisimama mlangoni na simu ukasema: "Habari za asubuhi. Leo hatuna lesi nyeupe pana, hatuna zipu ndefu za makochi, hatuna vifungo vya dhahabu. Mzigo ukifika tutawatangazia." Basi. Ukazima, ukaenda kunywa chai.

Sharubu alikuja mbio akishika kichwa. "Mangi, mimi nimezaliwa Kariakoo. Nimeona mtu akiuza kiatu kimoja. Nimeona mtu akiuza mwavuli wa aliyekuwa anaununua. Lakini duka linatangaza lisichonacho? Hiki sijakiona!" Na mtaa ukacheka. Siku hiyo na zilizofuata, wapita njia walichungulia wakiuliza, "Mangi, leo hamna nini?" Mimi nikijifanya nahesabu sindano.

Nilisubiri wateja waondoke. Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri, nikiri hivyo, ili nikuambie, "Si nilikuambia?" Badala yake wakaanza kuandika: kwa hiyo visivyotajwa mnavyo kweli? Tunavyo kweli. Basi nitumie. Fundi Sabina akatuma video ya kwaya siku ya Pasaka, lesi imekaa vizuri mabegani, na chini ameandika maneno mawili tu: Mzee amepona. Mafundi wa Songea wamekuwa wetu tangu hapo. Na Bi Zuhura, aliyekuwa akiniita duka la matanga, asubuhi moja akakusimamisha.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Leo hamna nini?"

"Hatuna vitambaa vya vilemba."

"Mimi ninavyo. Sema hivyo hivyo kwenye hiyo simu yako, kwamba kwa Mangi hakuna, kwa Zuhura vipo. Na upige picha upande huu, ule mwingine una pengo."

Ukasema. Sasa hivi ukisimama mlangoni na simu, wanaume wazima wanaita kutoka ng'ambo ya mtaa: "Aika! Hiyo mliyokosa ninayo mimi!" Ni watu walewale ambao zamani nilikuwa nawafuata kwa mlango wa nyuma, nikiazima kwa kuwanong'oneza. Sisemi wamekuwa malaika. Yule wa kona bado anaiba picha zetu, hata ile yenye dole gumba langu kaiba. Lakini nimeuona mtaa wangu ukifanya jambo ambalo sikujua unaliweza, na aliyeufanyisha ni binti aliyekuwa akilala kwenye boksi la nyuzi.

Sikuwahi kukuambia kwamba siku ile nyuma ya robota, chini ya hasira yote, kulikuwa na kitu kingine. Nilikusikia ukisema "tukasema tunayo." Tukasema. Ulikuwa Tegeta msibani, Aika. Hukusema "baba yangu alisema." Ungeweza, na ningestahili. Ulilibeba pamoja nami mbele ya watu wote wale. Nimekutana na wafanyabiashara wakubwa, wengine wana maghorofa mtaa huu, na sijaona mwenye kifua hicho. Nilikununia kwa sababu sikujua mtu huweka sura gani anapomvulia kofia mtoto wake.

Ukifika Iringa utakuta nao wana "ipo" yao. Kila mahali ina jina lake. Utakuta kikapu kilichopinda, na aliyekisuka atakuapia kwamba ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Mcheke, lakini mcheke ukiwa umekaa naye chini kwenye mkeka, kama ulivyonicheka mimi. Usiwe na haraka ya kumtoa juani. Mimi ulinitoa juani kwa sababu mimi ni wako. Yeye msubiri akujue kwanza. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha. Kuhusu picha, nadhani tumekubaliana niendelee kukaa kimya.

Ila kuhusu mwezi mmoja, nina la kusema.

Nilikuwa na umri kama wako nilipopata fremu ya duka Mbeya. Ndogo, pembeni ya soko, yangu mwenyewe. Nilimwambia mjomba. Hakunikataza. Alikaa tu akiangalia kaunta, akauliza, "Sasa nani atakuwa anakimbia?" Nikaona huruma. Nikasema nitaondoka mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja na mzigo mwingi, nikasema ujao tena. Fremu akachukua mtu mwingine, na sikusikia tena habari zake. Usinihurumie sana hapo, kwa sababu katika kusubiri kule ndipo mama yako alipokuja kununua zipu, na kama ningekuwa Mbeya leo nisingekuwa na wa kunisahihisha habari za kitunguu. Lakini mjomba hakuwahi kuniambia kilichokuwa moyoni mwake. Alikaa tu akiangalia kaunta, na mimi nikajisomea mwenyewe, nikakosea. Baadaye sana, akiwa mgonjwa, aliniuliza kwa nini sikwenda. Alidhani sikutaka.

Sasa ile taarifa ya uongozi.

Ukweli ni kwamba ile picha ilinichukua mchana wote mpaka adhana ya alasiri. Sharubu alishika boksi jeupe lilete mwanga, akalalamika mkono umekufa ganzi, nikamwambia anyamaze, na sauti yake ikaingia kwa sababu nilikuwa narekodi video bila kujua. Niliposti hatimaye. Nikakaa kama bwana harusi. Akaandika fundi mmoja wa Morogoro: "Mna vifungo vikubwa vya kifuu cha nazi, vya koti?"

Nikaandika: Ipo.

Sikuangalia hata rafu. Baada ya yote haya, Aika, baada ya zambarau ya askofu. Nilipokuja kuangalia, hakuna. Na miguu ikanitoa kwa mlango wa nyuma. Nikatokeza upande wa mbele nikiwa kwenye mwendo kamili, Bi Zuhura akaniona.

"Mangi! Unakimbilia wapi, na mtoto bado hajapanda basi?"

Nikasimama. Sharubu alikuwa bado ameshika boksi lake. Wote wakaniangalia, wakaangalia viatu vyangu. Nikarudi ndani nikitembea, nikakaa kwenye kiti, nikaandika: "Samahani. Nimesema ipo kabla ya kuangalia. Leo hatuna. Mzigo ukifika tutakutangazia." Kukibonyeza kile kitufe kulikuwa kugumu kuliko kupanda mlima wa kwetu. Akajibu papo hapo: "Asante dada Aika. Ndiyo maana nawapenda. Nasubiri."

Dada Aika. Huyo ndiye mteja wangu aliyeridhika. Sikumsahihisha. Niliishika simu tu, nikaisoma tena na tena, mpaka ikazima yenyewe kwa kukosa chaji.

Hilo ni moja. La pili linakuhusu wewe.

Baada ya kunikumbatia na kunipongeza, uliniuliza: "Lakini Baba, una amani kweli mimi nikiondoka? Ukisema huna, nabaki mpaka mwezi ujao. Tiketi inabadilishwa." Nikakujibu kabla hujafunga mdomo: "Ipo, mama. Ipo tele." Nikakuona unashusha macho taratibu, unaniangalia viatu. Sijui vilikuambia nini. Ulichukua mkoba ukaenda kumsaidia mama yako na begi.

Ulipoondoka nimeangalia kama amani ipo. Nimeangalia rafu za chini na za juu, nimeangalia hadi ile stoo ya juu tusiyokuwa nayo. Ningeweza kuazima kwa jirani, Bi Zuhura anayo nyingi, ningekuletea asubuhi ukaiona chini ya taa ya stendi ukaamini. Ningeweza pia kuiingiza barua hii kwenye mfuko wa sweta uikute Iringa umeshafika. Huo nao ni mlango wa nyuma. Kwa hiyo nitakupa mkononi, basi likiwa bado halijaondoka, na nitasimama hapo mpaka uimalize.

Amani hakuna, mwanangu. Leo hatuna.

Panda hivyohivyo. Yule wa Morogoro ameambiwa hakuna na bado anasubiri, kwa hiyo hata mimi naweza. Mzigo ukifika nitakutangazia, na dole gumba utaliona pembeni.

Ni mimi baba yako,
Mangi wa vifungo